Mizani ya Maili Nane

Ukitoka mjini, ukakipita kiwanda cha sabuni,
reli inapinda penye mkonge uliosahauliwa,
na hapo ndipo ilipo stesheni yetu:
chumba kimoja, baraza, kuta za Mjerumani
zilizopakwa rangi na kila aliyekuja baada yake,
krimu juu ya kijani, kijani juu ya kijivu.
Ukikwangua kwa ukucha unasoma tawala.

Sikuja kukwangua. Nimekuja kuiona mizani.

Ilikuwa ya vifurushi. Sahani pana ya chuma,
uso wa mviringo, mshale mmoja,
na tabia moja mbaya: kuzidisha ratili nne.
Kila mtu alijua. Karani, Bwana Semkiwa,
alitazama gunia, akatazama mshale,
akasema, "Toa nne," akaandika.
Nchi ilihamia kilo, yeye hakuhama.
Fundi hakuitwa.

Babu yangu Ntahondi alishuka hapa kutoka Kasulu,
manamba, na kibati cha namba shingoni,
akapandishwa juu ya sahani hiyo hiyo
iliyotoka kushusha robota la katani.
Semkiwa hakuwa ameajiriwa bado,
na yule aliyekuwapo hakutoa nne.
Babu akaingia shambani mzito kuliko alivyo;
wakampa kazi ya mtu mzito.
Alikuwa akilisimulia hili huku anacheka,
mkono mmoja umeshika kiuno.

Halafu zikaja zama za treni ya asubuhi,
mabehewa matatu, saa kumi na mbili na robo,
watu wa chuma, watu wa mbolea, makuli wa bandari,
vijana wenye viatu mkononi kuvilinda na umande.
Treni ilichelewa mara nyingi kuliko ilivyowahi,
na ikichelewa Semkiwa alichukua chaki,
akaandika kwenye ubao wa ratiba:

*Abiria tulieni, gari bado li Muheza,*
*Moshi hauonekani, msizidi kuuliza,*
*Machungwa yamo kapuni, menyeni mkimaliza,*
*Maganda si sakafuni, mtelezo huumiza.*

Watu walihesabu silabi kwa vidole.
Fundi mmoja wa kinu aligundua
kwamba "tulieni" limepungua moja.
Kesho yake ubao ukasema *tuliyeni*,
na karani hakumsalimia fundi wiki nzima.

Siku moja kati ya siku hizo za kuchelewa
mama alikuwa anaenda Bombo kujifungua.
Hakufika. Nilizaliwa chumba cha kungojea,
mama mmoja muuza vitumbua ndiye aliyenipokea,
na Semkiwa, kwa kuwa hakujua la kufanya,
alifanya alilolijua:
alitandika gazeti, akanilaza juu ya sahani.
Mshale ukagota kumi na moja.
"Toa nne," akasema, sauti inamtetemeka.
Katika daftari la vifurushi, mstari wa mwisho wa ukurasa:
*Kimoja. Hai. Ratili saba. Mlipaji: —*

Treni imerudi, ndiyo. Nimeiona leo.
Inapita na mizigo, inapita na abiria,
inapiga honi kwa adabu, haisimami.
Ndani kuna kijana wa shirika, jina lake Mwachidudu,
anaorodhesha mali: benchi moja, bovu. Taa, hakuna.
Ameinamia mizani, ananiuliza mimi,
eti kwa kuwa ni mwenyeji:
"Hii inafanya kazi?"

Nimevua kandambili, nimepanda.
Kutu imelia, mshale umesita,
ukaruka, ukatua, ukatikisika kama mtu
anayejaribu kukumbuka jina lako.
Yeye amesoma namba kwa sauti, ameshika kalamu.

"Toa nne," nimemwambia.

Amenitazama. Hajatoa.
Ameandika: *mizani, moja, inafanya kazi.*