Sampuli Namba Nne

Sanduku lilikuja Jumanne, kwa posta,
limezungushiwa utepe wa gundi na haraka ya mtu.
Juu yake: Bi. Eluned Pugh, Blaenau Ffestiniog,
na chini ya jina namba yangu ya uanafunzi, tarakimu nane
ninazozijua kuliko siku ya kuzaliwa ya dada yangu.
Ndani, lenzi, kichupa cha tindikali hafifu,
na mawe sita, kila moja na kitanda chake cha sponji.
Macsen, miaka sita, akachungulia:
"Mama, wamekuuzia mawe?"
Nikasema ndiyo. Kwa mkopo.

Mimi ni mtu wa mikate.
Saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi
nasimama mbele ya tanuri la pili.
Kinyunya kikiumuka nina dakika arubaini.
Arubaini ni kurasa sita nikiwa mzima,
mbili nikiwa hoi,
na kuna usiku ni sentensi moja tu,
ileile, inanizunguka kama nzi.

Hefin, msimamizi, alizikuta karatasi zangu
zimebandikwa ubavuni mwa friji ya siagi:
Kambria. Odovisia. Siluria.
Akadhani ni mikate mipya.
"Hii Siluria ina zabibu?"

Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka.
Mimi hawakunihesabia vizuri. Nimeshika matatu,
na kilichoponyoka ni usingizi.

Insha ya kwanza ilirudi na thelathini na nane.
Mkufunzi, Bi. Farquharson, sura yake siijui,
namjua sauti ya simu, kikohozi, na mbwa nyuma yake.
Aliandika kwa wino wa kijani:
*Umeandika unayoyajua. Hukujibu ulichoulizwa.*
Nililia chooni kazini, dakika tatu,
nikanawa uso. Kinyunya hakingoji mtu.

Kisha sampuli namba nne.
Bamba jembamba, kijivu chenye zambarau kwa mbali,
na ubaridi ambao kiganja kiliutambua
kabla jicho halijafika kwenye lebo.
Nikatazama dirishani:
paa la Gwenllian, paa la kanisa, kizingiti cha duka,
mawe ya makaburi, kilima kizima cha vifusi nyuma ya shule.
Wamenitumia mji wangu
ndani ya sanduku, pamoja na risiti.

Hata yale majina, Bi. Farquharson alinieleza
mbwa akibweka, yalitoka huku huku:
Kambria ni nchi yetu kwa Kilatini,
Odovisia na Siluria ni makabila ya kale ya Welisi.
Miaka thelathini na minne naishi juu yao
na hakuna aliyetutambulisha.

Baba yake mama alilipasua jiwe hili kwa patasi,
alilijua kwa kifundo cha mkono.
Mimi natakiwa nilijue kwa maneno elfu moja na mia mbili,
kabla ya Alhamisi, saa sita mchana.

Naandika: Lilikuwa tope, laini, sakafuni mwa bahari.
Bara likaja taratibu, likalisukuma bara jingine,
tope likabanwa katikati, likaiva.
Naandika: Jiwe hili halipasuki kwa kufuata lilivyolala.
Hupasuka kwa kufuata lilivyobanwa.

Nikaisoma tena hiyo.
Ilikuwa saa tisa usiku, miguu imevimba ndani ya viatu,
na sikujua kama najibu swali
au naandika tena ninayoyajua.

Kengele ya tanuri ikalia.
Nikatoa mikate mia na ishirini.
Niliporudi sentensi ilikuwa palepale,
na vumbi la unga juu yake,
na pembeni, kwa kalamu yangu,
herufi kubwa zilizopinda za mtu wa miaka sita
aliyepita hapa kabla sijatoka nyumbani:

MAMA JIWE NAMBA TANO
NIMELIPELEKA SHULE
MWALIMU AMELIPENDA