Simjui Kizingitini

Mmeniuliza tena leo, chai haijachemka:
Somoe, mbwa aingie hotelini, asiingie?
Kana kwamba sheria niliiandika mimi,
mimi ninayekanda unga tangu saa kumi alfajiri
na kuhesabu vikombe visivyorudi.

Sikilizeni basi. Ila msiache chapati zikapoa.

Hoteli hii ya Chikongola ina meza nne,
moja inachechemea, tumeiwekea kizibo cha soda.
Ukutani shangazi aliandika kwa mkaa:
SEMENI TARATIBU, MTOTO KALALA.
Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi.
Kuhusu mbwa hakuandika kitu. Mbwa walijua,
na sisi tulijua kuwa wanajua.

Kisha ikaja gesi, kodi za Shangani zikapanda,
na asubuhi moja akaingia mzungu wa soksi ndefu
na jibwa la rangi ya uji wa ulezi,
mkanda wake mzuri kuliko wangu.
Likajilaza chini ya meza ya pili.
Hakuna aliyekohoa.
Mwalimu Mtepa alikunja kanzu, akamaliza chai kwa mafunda mawili.
Shangazi alitoa bakuli la maji, akacheka kwa meno yote,
na jioni nikaliosha bakuli lile mara saba, moja kwa udongo,
noti ya elfu kumi ikiwa kwenye pindo la kanga yake.
Noti haikuoshwa.

Nandonde mnamjua. Analinda maduka sita
kwa rungu, tochi ya kugongagonga ndipo iwake,
na mbwa mwembamba aliyeacha sikio moja porini Kitangari.
Mbwa huyu wako? Wangu.
Anaitwa nani? Simjui.
Polisi wa doria nusura wamzabe kibao kwa jibu hilo.

Usiku Simjui hulala barazani, mgongo mlangoni kwangu.
Unga wangu ni yeye, sukari yangu ni yeye,
kufuli langu la Kichina ni pambo tu.
Ikiadhiniwa alfajiri anakuwa najisi,
ufagio unamwondoa kabla kitumbua cha kwanza hakijageuzwa.
Mshahara wake ni ming'oko iliyoungua chini ya sufuria.

Mwalimu Mtepa alinieleza, wala si kwa ukali:
mbwa mkavu akikupitia hajakuharibia kitu,
shughuli ni mate, shughuli ni mbwa aliyelowa.
Nikashukuru. Halafu nikawaza, mkono ndani ya unga:
kumbe siku ya jua, asipolihitaji paa langu, ana nafuu,
siku ya mvua ndiyo ya kumfukuza.

Nikamuuliza, Mwalimu, na yule wa Shangani,
alikuwa mkavu?
Akatazama kikombe chake mpaka kwenye majani ya chai.
"Ulimi wake ulilowa," akasema. "Wa kwetu ndio uliokauka."

Basi ikaja ile Jumatano ya mwezi wa tatu.
Mzungu kashaondoka, Shangani geti zina kutu,
shangazi yuko kwa Mola wake.
Bati linapigwa hata husikii mtu akiagiza,
wateja miguu juu ya mabenchi.
Nandonde akatokea mlangoni, koti limemganda kama ngozi ya pili,
na nyuma yake Simjui, mbavu zote zinahesabika.

Wote wakanitazama mimi.
Nikasema, Ingia.
Sikusema namwambia nani.

Nandonde akaingia.
Simjui akanusa kizingiti, pale ufagio unapoanzia kila siku,
akajilaza papo hapo:
kichwa ndani, mkia nje,
mvua ikimnyeshea nusu.

Mwalimu Mtepa alipotoka alimruka, kanzu mkononi,
akasema "Samahani."
Mlangoni hapakuwa na mtu mwingine.

Ndoo ya udongo ipo, nyuma ya mlango, imejaa.
Haya, meza ya tatu,
nani hajalipa?