Mita ya Shangazi Thuweba

Ibra, mwezi wa saba, joto arobaini na saba.
Fundi wa umeme kaja na mita mpya,
nyeupe, inayojisoma yenyewe.
Ya zamani ishuke, anasema. Nitie saini hapa.

Subiri kidogo, kijana.

Kwenye kibati hiki palikuwa na tarakimu nane.
Nilikuwa na miaka tisa, nimefukuzwa jikoni;
shangazi, vidole vingali vyeupe kwa chaki ya shule,
akaniita ukutani: Soma.

Milioni sabini na tatu, laki tisa,
elfu thelathini na tisa, mia moja thelathini na tatu.

Igawe.

Kwa mbili, ikabaki moja.
Kwa tatu, zikabaki mbili. Kwa saba, mbili tena.
Kwa kumi na moja, nne.
Nikachoka. Jua likaanza kunigawa mimi.

"Hii ni namba tasa," akasema,
wala neno halikumkwama kooni,
yeye aliyerudishwa kwao na Hilali bin Khalfani
kwa neno hilohilo, na sanduku, na cherehani mbovu.
"Tasa haikubali mgawo
ila wa Moja, na wa nafsi yake."

Kisha akaziba ya mwisho kwa dole gumba.
Tasa. Akasogeza kushoto. Bado tasa.

73939133
7393913
739391
73939
7393
739
73
7

hata ikabaki saba pweke,
msumari uliopindwa ukutani.

"Na nikiongeza moja mkiani?"
Akacheka mpaka jirani akachungulia.
"Ongeza moja, tatu anaingia.
Ongeza saba, hata tisa anadai fungu.
Uweke yoyote, itapasuka.
Huyu hazai, Zuwena. Ukoo umeishia kwake.
Ila tazama waliomtangulia:
saba, na hakuna aliyepasuka."

Jua la Ibra hulipiga bati upande wa kulia.
Rangi ilianza kubanduka huko,
tarakimu moja kwa miaka kadhaa.
Naye vivyo hivyo, kutoka mwisho:
alisahau kwanza wanangu,
kisha mimi, kisha shule na funguo zake.
Kiarabu cha mlangoni kikaenda,
kikabaki Kiswahili cha ndani, cha utotoni,
na siku moja nacho kikapungua
akawa anataja mawili tu:
la Mola wake, na Thuweba.

Sikulia hospitali. Nilikuwa nahesabu.

"Mama," fundi anasema, "naona saba, tatu, tisa.
Zilizobaki zimefutika. Mfumo utaikataa."

Basi niachie kibati.

Haiwezekani, ni mali ya kampuni.

Namletea maji ya barafu. Anakunywa kapeana mgongo na ukuta.
Bisibisi kaiacha juu ya ngazi,
upande wangu.