Futi Tatu za Kajificheni

Nimeandika kwa mkono, maana printa ya mtoto wa Bi Salhina
imekwisha wino siku ile ile niliyoihitaji:
"Mheshimiwa, mimi Rukia binti Haroub,
mkaazi wa Kajificheni, nyumba ya mlango uliobaki msumari mmoja"
(hiyo ya msumari nikaifuta,
ofisini nyumba huijua kwa namba)
"naomba ruhusa ya kunyanyua paa langu futi tatu."

Neno lenyewe lina kiburi. Paa wa mwituni
haombi ruhusa ya kuruka.
Moshi wa chapati unapaa zake alfajiri
bila ya muhuri wa sheha.
Langu la bati, lenye kutu rangi ya ubuyu,
ndilo lililopanga foleni kwa nakala tatu.

Sababu ya ombi. Wamenipa mstari mmoja.
Mwanangu Nassib amerefuka.
Wenzangu wana wao hurefuka wakahama.
Wangu ameoa na hana pa kuhamia,
nimempa chumba cha juu yeye na mkewe,
na humo hutembea kama mtu aliyeangusha pete.
Mkewe, mwana wa Chwaka, mfupi, humcheka.
Miye sicheki. Boriti ya tatu
imelainika kwa paji lake la uso.

Walikuja wawili kukagua.
Mkubwa na futi yake ya chuma, ile inayojirudi yenyewe,
mdogo na kamera.
Wakasema urithi. Wakasema kimo, wakasema mandhari,
wakasema, mama, bati lako linaonekana kutoka hotelini.
Nikawajibu: na hoteli inaonekana kutoka kwenye bati langu,
ghorofa ile ya tano ilijaza fomu gani?
Mdogo akageuka akakohoa.
Mkubwa akaandika kitu kirefu kuliko nilichosema.

Khalafu: jirani ametia saini?

Bi Zeyana. Miaka arubaini tunapeana chumvi,
najua kikohozi chake cha usiku na cha mchana.
Hakukataa. Alinishika mkono
akaniingiza chumbani, akaniketisha kwenye kiti chake cha kamba.
"Ngoja," akasema.
Nikangoja. Sikujua nangoja nini.
Saa nne kasorobo jua likaruka bati langu,
likapenya kidirisha chake, likanigusa ushungi,
likashuka kifuani, likakaa.
Hakuzungumza mtu. Hata paka aliyekuwa mlangoni
alikuja akajilaza miguuni mwangu, akijua saa zake.
"Hii ndiyo dawa yangu ya mifupa," akasema.
"Haya, kalamu iko wapi?"

Kalamu nilikuwa nayo mfukoni.
Nilisema nimeisahau.
Niliipeleka siku ya tisa, usiku,
Nassib alipojigonga tena na kuomba radhi,
kuiomba radhi boriti.

Miezi minane. Jibu likaja katika bahasha ya kaki:
futi moja na nusu,
bati lipakwe rangi ya udongo, dirisha liwe la mbao,
na wala isiwe ada kwa wengine.
Fundi Mbwana alimaliza kwa siku sita,
boriti ya tatu akaipandisha na mng'aro wake.
Mwanangu sasa husimama wima, au karibu na wima.
Wamening'iniza taa. Wanazungumza jina la mtoto.

Na miye, saa nne, niko jikoni nachambua mchele.
Upande wa pili wa ukuta kiti kinakokotwa
kuelekea dirishani. Kidogo. Kinasimama.
Linamfika magotini, ameniambia,
na magoti ndiyo yanayomuuma zaidi, basi kheri.
Kheri, nikamwambia.
Natoa chuya, natoa kijiwe.
Kiti tena.