Tangi Lilipojaa

Albamu ya kwanza tuliirekodi ndani ya tangi,
jeusi, la lita elfu tano, tupu tangu bomba la Kihesa likauke.
Tuliingia kwa tundu la juu mmoja mmoja, kama wezi wa asali:
Remijius na ligombo lake kwapani,
Twilumba gizani, maana tochi alisema inamharibia sauti,
mimi na ngoma moja. Ya pili haikupita.
Fokasi alibaki nje na waya, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi.
Ilikuwa Juni, na Juni ya Iringa unaijua:
ukisema neno, unaliona.

Humo ndani neno halikufa.
Unapiga mara moja, unajibiwa mara saba,
na ya saba ikifika umeshasahau
kama ni wewe uliyeanza.
Tukaiita *Ukungu*.
Watu wa Mlandege walisema huu ni muziki wa ulanzi uliolala siku tatu,
unaunywa umekaa, kazi ni kusimama.
Kijana mmoja wa Gangilonga aliapa kwamba kwenye wimbo wa nne
alimsikia marehemu babu yake akikohoa.
Hatukumkatalia.
Pengine nilikohoa mimi.

Kisha Mama Desderia, mwenye tangi, akaja na fundi.
"Bomba limerudi. Tokeni, wanangu, nataka maji."
Basi. Hakuna zaidi ya hapo.
Watangazaji wa redio wanatuuliza falsafa ya mabadiliko,
Remijius anawajibu vizuri, anataja safari ya nafsi,
mimi namtazama tu.
Ni maji.

Ya pili tumeirekodi kwenye stoo ya mahindi,
magunia hadi darini, na gunia halirudishi kitu.
Unapiga, linameza.
Siku ya kwanza Remijius alivuta uzi mmoja, akaacha,
akautazama mkono wake kana kwamba ameuazima.
"Hivi ndivyo ninavyopiga?"
Hakuna aliyemjibu, hata ukuta.
Fokasi alileta kidude cha mwangwi chenye taa nyekundu.
Tukakiwasha. Tukakizima.
Akakifunga kwenye kanga ya mkewe, akapanda nacho basi la Mafinga.
Yuko huko, anauza mbao, na salamu zetu hapokei.

Twilumba akaimba.
Ule ule wimbo wa nne, kwa kujaribu maiki tu.
Miaka miwili nimeupigia ngoma
nikidhani ni wa mvua, au wa shamba la pareto, au wa Mungu,
kwa kuwa tangini kila neno lilivaa neno jingine.
Sasa yalikuja peku, moja moja,
yakapangusa miguu mlangoni:

mpiga ngoma, mama yako yuko Tosamaganga,
kitanda cha dirishani,
kila gari likipanda kilima anamuuliza nesi,
ni huyu? ni huyu?

Nilikosea pigo. Limo kwenye rekodi, dakika ya pili,
hatukulifuta.
Mama nilimzika Machi ya mwaka juzi,
wiki ile *Ukungu* ilipotoka, na nilifika saa kumi jioni
wenzangu wakiwa wameshaosha majembe.

"Ulijua?" nikamuuliza.
"Nilikuimbia siku zote tatu za tangini," alisema,
"nawe ukamwambia Fokasi aongeze mwangwi."

Sasa wanatudai ule wa zamani.
Wanasema tumekauka, tumekuwa kwaya ya Kwaresima,
dawa yetu imekwisha nguvu.
Siwalaumu. Usiku mwingine hata mimi
navaa visikilizio, nauweka wimbo wa nne, ule wa kwanza,
naomba nisielewe.

Jana nilipita kwa Mama Desderia kulipa deni la umeme.
Alikuwa anachota, ndoo ya tatu,
tangi limejaa hadi shingoni.
Nililigonga kwa kifundo cha kidole.

Lilijibu mara moja.