Mshale Mfupi Huvuka

Saa ya ukutani ya darasa letu, hapa Igogo,
iliishiwa betri tangu muhula wa kwanza,
basi nimekata nyingine
kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi:
mishale ya boksi la sabuni,
kitovu chake msumari.
Tisini na watatu wananitazama.
Wa nyuma wamekalia tofali.

"Mshale mfupi uko wapi?"
"Sabaaa!"
"Kwa hiyo ni saa ngapi?"
"Sabaaa!"
Hapana, wanangu. Ni saa moja.
Kimya, mpaka nzi anasikika.
Ng'wandu, asiyejua kumeza neno, anasema:
"Mwalimu, jana ulisema saba ni saba."

Nilisema. Jana ilikuwa hesabu.
Leo ni saa, na saa aliichora mtu
ambaye siku yake huanza usiku wa manane,
watu wamelala.
Yetu huanza jua likishachomoza nyuma ya mawe
na kupanda kidogo, likiwa na saa yake ya kwanza mkononi.
Moja. Hiyo ndiyo tunayoitaja.

Hawajaelewa. Hata mimi nisingeelewa.
Kisha kule chini, Kamanga, kivuko kikapiga honi.

"Mmesikia? Huu mduara ni ziwa.
Kila namba ni gati.
Mshale mfupi ukitia nanga saba,
usisome hapo. Panda kivuko,
kata maji, pita juu ya msumari,
shuka ng'ambo. Umefika wapi?"
"Mojaaa!"
Nane? Mbili. Tisa? Tatu.
Darasa zima limekuwa abiria,
wengine wanapiga honi kwa midomo,
Limi anataka kujua nauli.

"Na yule mrefu, mwalimu? Yeye haendi ng'ambo?"
Haendi. Anatembea ufukoni tu,
akihesabu dakika, tano tano.
"Kwa nini havuki?"
Miaka kumi na minne nafundisha
na swali hilo sina jibu lake.
"Hana nauli," anasema Limi,
na somo linaendelea.

Masalu haulizi kitu. Anakaa dirishani
na saa yake ya kalamu ya bluu,
mkanda mpaka vitundu vyake.
Huichora upya kila asubuhi
maana bibi yake humsugua kwa dodoki bila huruma.
Mfupi kwenye kumi, mrefu kwenye kumi na mbili.
"Saa kumi," aliniambia. "Ijumaa. Mama anatoka Kome."
Huko anaanika dagaa wa watu.

Kosa nililiona. Kalamu nyekundu ilikuwa sikioni.
Mtoto alikuwa amesoma gatini, hajavuka.
Nikasema nitamsahihisha kesho.
Kesho ikawa Alhamisi,
na Alhamisi tukaitwa kikao cha kata.

Ijumaa kengele ya uji ikalia, saa nne.
Wenzake wakakimbilia foleni na vikombe,
yeye akaenda getini,
akaweka mkono wake
sambamba na mkono wa mlinzi, Lukanya,
mwenye saa ya chuma.
Mishale ilikuwa sawasawa.
Akatazama barabara.

Nikachuchumaa. "Masalu. Hujavuka."
Aliinamia mkono. Nikamwona kwa macho akipanda
pale kwenye kumi, akaja polepole
juu ya mshipa unaodunda katikati,
akashuka: nne.
Nne ndiyo hii, ya uji.

Akalamba kidole gumba, akafuta.
Akaomba kalamu. Nilikuwa na nyekundu tu.
Akachora mshale mfupi upya, unaoinamia chini,
kisha akahesabu vidole, vikaisha vya mkono mmoja,
akaazima kimoja cha pili.
"Sita," akasema.

Nilitaka kumwambia sita si nyingi.
Uji ulikuwa unapoa.
Nikamshika ule mkono mwingine, usio na saa,
tukaenda kupanga foleni.