Daftari la Uji

Daftari hili lina mistari ya samawati na madoa ya unga.
Kushoto naandika uji.
Kulia naandika Muthoka.

Kushoto: vikombe tisini, langoni pa kiwanda cha misumari,
Lunga Lunga, kabla king'ora hakijalia.
Ishirini kikombe. Anayeomba kwa macho, kumi.
Kulia: karo ya muhula, baada ya bodi ya mikopo kutia mkono,
mkono utakaorudi siku moja kudai vidole.
Koti jeupe. Koti jeupe tena, la kwanza liliungua tindikali.
Kitabu cha vijidudu, nakala iliyorudufiwa,
kurasa za mwisho hazisomeki.

"Sayansi ya chakula?" Mama Ndanu wa chapati
alicheka hadi akashika nguzo.
"Chakula kina sayansi gani kupita njaa?"
Nikacheka naye. Kisha nikaenda kulipa.

Mwezi wa tatu nilimwuliza ndugu yangu waziwazi:
ukimaliza, watakupa ngapi?
Akavuta kigoda, akajikuna shingo.
Atsango yuko maabara ya maziwa, zamu ya usiku,
elfu ishirini na nane, mkataba wa miezi mitatu mitatu.
Chepng'etich anakagua maparachichi ya kwenda ng'ambo,
huyo ana sitini, huyo ndiye wazazi wote wanayemtaja.
Wario, aliyewashinda wote darasani,
anauza bima Eastleigh, nyumba hadi nyumba.

Nikachukua kalamu.
Mimi, siku isiyo na mvua, nabakiwa na mia tisa.
Zidisha kwa siku ishirini na sita.
Kati yangu na digrii pana elfu nne na mia sita,
na usingizi wa Atsango, ambao sijui nauandika wapi.
Nikahesabu tena, nikidhani nimeruka sifuri.

Basi ikaja Aprili, na gunia la Nzioki dalali,
mahindi ya bei ya huruma.
Muthoka akachota konzi moja, akapasua punje kwa ukucha,
akanusa, akanyamaza. Akazitia mfukoni, akaondoka.
Jioni ya pili akarudi na namba:
sitini na moja katika bilioni; mwisho ni kumi.
Nikamwambia bilioni sijaiona hata kwenye deni.
Nitachemsha sana, nikasema.
"Sumukuvu haiogopi moto, Mutheu."

Hapo nikamwona shangazi Kalekye,
macho ya manjano kama ua la boga, tumbo limejaa maji,
mwaka ule wa mahindi yaliyovunwa na mvua.
Tulisema karogwa.
Tukamtaja mjane wa ng'ambo ya kijito,
na hadi leo hatumwamkii.

Gunia tulilichoma nyuma ya ploti kwa mafuta ya taa.
Lilinukia bisi.
Watoto wakaja mbio na vibakuli,
Muthoka akawafukuza kwa kuni, sauti imempasuka.

Asubuhi sikuwa na uji.
Wanaume wa misumari walikunywa chai ya rangi kwa jirani, wakanisema.
Hakuna aliyeshukuru;
nani hushukuru kwa ugonjwa asioupata?

Usiku nikafungua daftari.
Elfu tano za gunia: kushoto, hasara ya uji?
Kulia, gharama ya kusomesha?
Nikaandika katikati, juu ya mstari mwekundu,
wino ukavuja pande zote mbili.

Sasa Muthoka anataka elfu tatu za joho la mahafali,
joho la kukodi, la kurudisha kesho yake.
Nimemwambia angoje.
Kwanza unga.
Na punje aje azitazame yeye.